RTX 5080 au RX 9070 XT? Niko Tanga, kikoba kimevunjwa, nishaurini

Mkonge_Mbishi (Sahare, Tanga)

Habari za jioni wakuu. Kikoba chetu kimevunjwa, na safari hii nimeapa hela haiendi kwenye bati wala kwenye mchango wa harusi ya mtu. Nataka kadi ya grafiki ya maana.

Mashine yangu ni prosesa Ryzen 5 5600, bodi B550, RAM GB 32, na kadi ni GTX 1660 Super, bibi kizee wa mwaka 2019. Monita nilishabadilisha, inchi 27, 1440p, hezi 165. Pawa saplai imeandikwa 650W, ilikuja pamoja na kesi.

Duka moja la Kariakoo limenitajia RTX 5080 ya Nvidia kwa milioni 3.8 na RX 9070 XT ya AMD kwa milioni 2.4. Mfukoni nina milioni 4, ikiisha imeisha, mke wangu kanieleza hilo mara moja tu na sauti niliielewa.

Nacheza gemu za hadithi ndefu, zile za miji yenye mvua na taa za usiku. Mpira wikiendi na vijana wa mtaani, na Blender ndo naanza kujifunza. Je, hiyo tofauti ya milioni 1.4 nitaiona kwa macho? Na driva za AMD bado zina vituko kama zamani? Chumba changu kiko ghorofani, dirisha linatazama bahari, joto la kaskazi mnalijua wenyewe.

Kijani_Tupu (Dar es Salaam)

Mkuu chukua 5080 ulale usingizi. Kumbukumbu ya GDDR7, halafu teknolojia ya DLSS 4 inakutengenezea hadi fremu (picha) tatu za ziada kwa kila fremu moja halisi. AMD ni ya kujifariji. Rahisi ni ghali, wahenga hawakukosea.

Fundi_Barabara_ya_9 (Ngamiani, Tanga)

Mkonge, karibu mdogo wangu. Kadi baadaye. Kwanza igeuze hiyo mashine uangalie mgongo wa pawa saplai. Kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230? Kama kipo, hata hiyo 1660 yako imekuwa ikiishi kwa rehema za Mungu.

Hicho kiswichi maana yake usanifu ni wa kizamani. Pawa saplai nzuri ya leo inapokea volti 100 hadi 240 yenyewe bila kuulizwa. Hizi za kupewa bure na kesi nazifungua hapa kibandani kila mara: ubavuni 650W, ndani kuna koili nyembamba na kapasita za kubahatisha, na ukiinyanyua kwa mkono mmoja unajua hakuna kitu. Umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, inakufa, na haipendi kufa peke yake. Nvidia wanapendekeza 850W kwa 5080, AMD wanapendekeza 750W kwa 9070 XT. Kwa hiyo vyovyote utakavyochagua, pawa saplai mpya imo kwenye bajeti. Ukinunua 5080 ya milioni 3.8 unabaki na laki mbili, na laki mbili hainunui pawa saplai ya 850W ambayo mimi ningethubutu kuiunganisha na kadi ya bei hiyo. Kwangu mjadala karibu umeishia hapo, lakini umeuliza, ngoja nikujibu.

Kwenye gemu za kawaida 9070 XT inatembea bega kwa bega na RTX 5070 Ti, mdogo wake 5080, na 5080 inaipita 5070 Ti kwa asilimia kama 15 hivi. Kwa 1440p, na Ryzen 5 5600, sehemu ya hiyo 15 hutaiona kabisa, kwa sababu kwenye gemu nyingi prosesa ndiyo itakayokuwa inahema huku kadi inasubiri kazi. Unalipia mbio ambazo barabara yako haina.

Hizo fremu za kutengenezwa anazozisifu ndugu yangu wa Dar zinalainisha picha, kweli kabisa, nimeziona na ni nzuri. Lakini hazifanyi kitufe kiitike haraka. Ukiwa na fremu 30 halisi zikavutwa hadi 120, jicho litaona 120 na kidole kitahisi 30. Zinafaa pale ambapo tayari una fremu 60 na zaidi.

Sasa haki ya Nvidia niitoe. Ile miji yenye mvua na taa za usiku unayoipenda, ukiwasha reitresingi ya juu kabisa, ile inayofuata kila mwale wa mwanga, AMD inaachwa nyuma na si kidogo. Safari hii wamepunguza pengo kuliko mfululizo wa 7000, ila lipo. Blender nayo inakimbia zaidi kwenye Nvidia. Kama Blender ingekuwa inakulisha ningekwambia habari nyingine, lakini umesema ndo unaanza.

Driva? Zote mbili zimewahi kutoa driva za ovyo, na mwanzoni mwa 2025 kelele kubwa za skrini kuwa nyeusi zilitoka kwenye mfululizo wa RTX 50 wa Nvidia. Hiyo hoja ya zamani iweke kando. Cha msingi ukitoka Nvidia kwenda AMD, ondoa driva za zamani kwa Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye hali salama ya Windows.

Umeme nao, maana najua atakuja mtu kuuliza. 5080 inakula hadi wati 360, 9070 XT wati 304. Tofauti ni wati 56. Ukicheza saa 4 kila usiku, kwa mwezi ni uniti zisizofika 7, hela ya vitafunwa tu. Mashine nzima ndiyo ya kuangaliwa: ikila wati 450 kwa saa hizohizo, ni uniti 54 kwa mwezi. Kama LUKU yako iko kwenye ile tarifa nafuu ya uniti 75, basi friji, pasi na pangaboi vigawane 21 zilizobaki. Mke wako ataligundua hilo kabla yako.

Na wati zote hizo zinageuka joto ndani ya chumba chako. Mimi 9070 XT naipunguza kikomo cha nguvu kwa asilimia 10, fremu zinazopotea ni chache na feni zinatulia. Dirisha la baharini ni zuri kwako, kwa mashine si zuri. Upepo wa chumvi unaacha utando kwenye mapezi ya kadi, vumbi linaganda juu yake, na skrubu zinaanza kutu. Kesi iondoke dirishani, isikae sakafuni, na uisafishe kwa brashi laini na blowa mara kwa mara.

Ningekuwa wewe: 9070 XT, pawa saplai ya 850W yenye daraja la Gold la kutopoteza umeme, na hela iliyobaki uitafutie prosesa ya Ryzen 7 5700X3D. Inakaa kwenye tundu lilelile la AM4, unasasisha BIOS tu, ile programu ya msingi ya bodi.

Kijani_Tupu (Dar es Salaam)

Dada fundi umeshinda kwenye pawa saplai. Kwenye kadi bado nasimama na kijani, yaani Nvidia 😂

Harusi_4K (Bagamoyo)

Shikamoo dada. Natia neno. Mie kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na kamera yangu inarekodi 4:2:2 ya biti 10, video yenye rangi nyingi na nzito kuifungua. Kadi za RTX 50 zina sehemu maalumu ya kuzisoma video za aina hiyo, AMD hii haina, na Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani ya kusaidia. Tangu nihamie 5070 Ti, siku nzima ya ndoa, kuanzia kupambwa bibi harusi hadi kutupwa ua, naisogeza mbele na nyuma bila kukwama. Mkonge asije akajuta siku akipata wazo la kuchuma hela kwa hiyo mashine.

Fundi_Barabara_ya_9 (Ngamiani, Tanga)

Marahaba. Uko sahihi, na mtu wa kazi yako ningemwambia hivyohivyo. Ila huyu hana hata kamera. Anunue kadi kwa ajili ya kazi ambayo hajaifikiria?

Mkonge_Mbishi (Sahare, Tanga)

Dada fundi, nimegeuza mashine. Kiswichi chekundu kipo. 🙈 Nilikuwa nadhani ni cha kuongeza nguvu.

Fundi_Barabara_ya_9 (Ngamiani, Tanga)

Usikiguse! Ukikisogeza 115 ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio na utanusa harufu. Kiache.

Chungwa_la_Muheza

Yakhe, kuna jamaa anauza RX 7900 XTX ya mtumba, GB 24, bei chini ya hiyo 9070 XT. GB 24 dhidi ya 16, si hiyo ndiyo kadi?

Fundi_Barabara_ya_9 (Ngamiani, Tanga)

GB 24 ni tamu kuitaja, kwa 1440p kazi yake haipo. Kadi hiyo ni ya Desemba 2022, inakula wati 355, na FSR 4, teknolojia ya AMD ya kukuza picha kama DLSS, waliitoa rasmi pamoja na mfululizo wa 9000. Mimi FSR 4 naithamini kuliko hizo GB 8 za ziada, picha haitetemeki kwenye majani na nyaya kama FSR za nyuma. Halafu zile za mwanzo zenye kipozeo cha AMD wenyewe, baadhi zilikuwa na kasoro kwenye chemba ya mvuke, sehemu ya moto zaidi inafika nyuzi 110 na kadi inajipunguza mbio. Ukitaka kuinunua, iwashwe mbele yako nusu saa ikiwa na mzigo, kesi imelala vile itakavyolala kwako. Fungua pia GPU-Z, programu inayokuonesha kadi ni ya aina gani hasa. Muuzaji akisema umeme umekatika, nawe ondoka. Hata RTX 4090 ziliwahi kukutwa sokoni zimeng'olewa chipu, kipozeo kimebaki kizuri kabisa juu yake.

Mkonge_Mbishi (Sahare, Tanga)

Sawa, 9070 XT. Shemeji yangu yuko Dubai, anasema huko ni bei poa zaidi kuliko Kariakoo. Nimwagize? Na 1660 yangu naiuza kwa dogo wa hapa mtaani ili nirudishe kidogo.

Fundi_Barabara_ya_9 (Ngamiani, Tanga)

Muulize shemeji waranti inadaiwa wapi. Kadi ikileta shida na waranti iko Dubai, utasubiri shemeji apate likizo. Mimi ningelipa zaidi kidogo Kariakoo kwa duka linaloandika namba ya kadi kwenye risiti na kupiga muhuri.

1660 usiuze bado. Kama alivyosema wa Bagamoyo, prosesa yako haina grafiki ya ndani. Kadi mpya ikirudishwa dukani, kompyuta haitatoa picha hata ya kuandika barua. Mwambie dogo asubiri waranti iishe, akikasirika atapoa.

Pima pia kesi yako kwa ndani kabla ya kupanda basi, toka mlangoni mwa feni za mbele hadi mgongoni. 9070 XT za feni tatu nyingi zinapita milimita 300. Chagua yenye soketi za kawaida za pini 8, waya tofauti kwa kila soketi, usitumie ule mmoja wenye vichwa viwili. Ukirudi kutoka Dar, boksi la kadi likae mapajani. Na wakikwambia wakufungie mashine nzima hukohuko, kataa: kadi nzito hivyo ikiruka kwenye matuta hadi Tanga inaweza kuondoka na tundu lake. Njoo nayo Ngamiani, tutaifunga, malipo ya huduma utaniletea halua.

Harusi_4K (Bagamoyo)

Milimita ngapi kesi yako, Mkonge?

Mkonge_Mbishi (Sahare, Tanga)

290. Nikitoa feni ya mbele, 315. Natafuta bisibisi.