Ngege wakubwa nibakishe wa mbegu ama niendelee kununua vifaranga?

Ruai_Bwawani:
Habari zenu wadau. Niko na bwawa la ngege (tilapia) huku Ruai na kila nikivua saizi zimeachana sana, kuna wa gramu 350 wanaisha hata kabla neti ikauke na kuna wa 120 ambao ata mama wa samaki hapa steji hawataki. Nimefikiria nibakishe wale wakubwa niwazalishe mwenyewe, hii maneno ya kununua vifaranga kila msimu imenichosha. Watoto watakua haraka kama wazazi wao?

MamaSamaki:
Wakubwa ndio mbegu bana, hata ng'ombe huzalishi aliyekonda. Angalia tu usibakishe madume pekee yake.

Vifaranga_Tu:
Hapo kwa madume ndipo kuna shida. Hao wa 350 ukiwaangalia vizuri wengi utapata ni dume, juu dume la ngege hukua haraka, na jike akishataga anaweka mayai mdomoni na hawezi kula vizuri mpaka watoto watoke, kwa hivyo anaachwa nyuma ata kama jeni zake ni poa kabisa. Tena ngege huzaana hapo hapo bwawani, unaweza sifu mmoja kumbe alitangulia tu kuzaliwa, akawahi chakula, akazidi kuwaacha wenzake. Hiyo watoto hawarithi.

Piga hesabu. Tuseme wastani wa bwawa ni gramu 200 na uliochagua ni 350, tofauti 150. Kwa uzito wa ngege sehemu inayorithiwa mara nyingi ni kama 0.2 hadi 0.4, tuchukue 0.25, watoto wataongeza kama gramu 37 hivi, si 150. Na hiyo ni kama wote ni rika moja, na umelinganisha dume na dume, jike na jike.

Wenye mradi wa GIFT, ule wa kuboresha mbegu ya ngege, walianza Ufilipino 1988, wakachukua ngege wa mwitu kutoka Misri, Ghana, Senegal na hapa kwetu Kenya, wakawaweka pamoja na wa kufugwa wa huko. Kila familia inalelewa kivyake mpaka samaki atoshe kuwekwa alama, halafu wote wanaingia bwawa moja wanakula pamoja, na siku ya kupima samaki hahukumiwi na uzito wake peke yake, wanaangalia na ndugu zake wamefanyaje. Ndio maana ukuaji uliongezeka zaidi ya asilimia 10 kila kizazi. Wewe ukibakisha wanne watano tu, baada ya muda ni ndugu kwa ndugu wanazaana na ukuaji unarudi chini.

Ruai_Bwawani:
Asante sana, hiyo ya jike sikuwa naijua. Na monoseksi, wale vifaranga wa dume pekee, je? Kuna muuzaji ananiambia hiyo ndio mbegu iliyoboreshwa.

Vifaranga_Tu:
Hapana, hizo ni vitu mbili tofauti. Monoseksi mara nyingi ni homoni kwa chakula wakiwa wadogo kabisa, jinsia inageuka lakini jeni za ukuaji ni zile zile za wazazi. Muulize wazazi ni wa ukoo gani na wamechaguliwa vizazi vingapi, akianza kuzunguka achana naye. Kituo cha Sagana kule Kirinyaga wamechagua ngege kwa vizazi kadhaa, anzia huko.

MamaSamaki:
Na Ruai mwezi wa saba maji yakishuka chini ya nyuzi 20 ngege hupunguza kula sana, ata umletee mbegu gani. Funika bwawa kwanza.

Vifaranga_Tu:
Kweli kabisa. @Ruai_Bwawani ukivua tena tenganisha dume na jike ndio upime, halafu utuwekee uzito hapa tuangalie pamoja.