MREJESHO: Yule mzee wa miaka 57 alipokelewaje jeshini?

Wakuu, niliuliza hapa iliwezekanaje mhamiaji wa miaka 57 akaingia kikosi cha Australia cha wachimba mahandaki (njia za chini kwa chini za kutega mabomu chini ya adui) Vita Kuu ya Kwanza, wakati vijana ndio waliokuwa wakitafutwa. Ahsanteni mlionielekeza, nimesoma.

Ni Edgeworth David, mzaliwa wa Wales, 1858. Alihamia Australia mwaka 1882 kama mtaalamu wa miamba, baadaye akawa profesa Sydney. Na si mzee wa kukaa kibarazani: Januari 1909, akiwa na karibu miaka 51, alifika kwa miguu eneo la ncha ya sumaku ya kusini (mahali sindano ya dira husimama wima), huko Antaktika.

Basi jibu ni ujuzi wake wa miamba na udongo. Kule Flanders, Ubelgiji, juu kuna mchanga uliojaa maji, chini yake udongo mzito wa mfinyanzi. Ukichimba kwenye mchanga, shimo linajaa maji na kuporomoka. Ukishuka hadi kwenye mfinyanzi, unapita. Kwenye miamba ya chaki upande wa Ufaransa, maji hupanda na kushuka kwa majira, kwa hiyo lazima mtu aseme mwisho wa kuchimba ni wapi. Kazi yake ndiyo hiyo, akiwa na cheo cha meja.

Mwaka 1916 alitumbukia kisimani akikikagua, akavunjika mbavu. Akapona, akaendelea na kazi! Tarehe 7 Juni 1917 mabomu 19 yaliyotegwa kwenye mahandaki ya aina hiyo yakalipuliwa chini ya Wajerumani huko Messines, Ubelgiji.

Na yule aliyenijibu hapa kuwa "walimpokea kwa heshima tu", hapana mkuu.