Mafuta ya kunukia ya bergamoti, chungwa au limau: nichukue ipi ya difyuza na kukandia?

Shangazi_Tanga: Habari zenu wadau. Nataka kichupa kimoja tu cha mafuta ya kunukia cha 10 ml, usiku niweke kwenye difyuza (kile kifaa cha kusambaza harufu chumbani) na siku moja moja nimkandie mzee mgongo. Dukani kuna bergamoti (tunda la jamii ya machungwa), chungwa tamu na limau, bergamoti bei yake imechangamka kweli. Kuna cha maana hapo au nalipia jina?

kibindo: Chukua chungwa ulale zako. Zaidi ya asilimia 90 ni limonini, ni ule mvuke unaokurukia machoni ukimenya chungwa la Muheza. Na ni rahisi kwa sababu maganda yanabaki tele kwenye viwanda vya juisi.

MkandajiZnz: Kwa harufu hazilingani kabisa kibindo. Bergamoti nyingi inatoka Calabria kusini mwa Italia, ndo ile harufu ya chai ya Earl Grey, na ina kemikali za harufu, linalooli na linalili asetati, ambazo ndo zimejaa kwenye lavenda, kwa hiyo imepoa, haichangamshi kama limau. Mteja akija na mawazo yake naiwasha hiyo. Ila ngozini jamani taratibu, ina bergapteni, ukipaka ukatoka juani unaungua na doa jeusi linakaa hata miezi. Mwisho 0.4%, yaani kama matone 2 kwenye 30 ml ya mafuta ya nazi, au tafuta iliyoandikwa FCF, hiyo bergapteni wameshaitoa.

Wa_Kilimani: Limau pia ikikamuliwa baridi inachoma kwa jua, ile iliyotolewa kwa mvuke ndo haina hiyo shida. Chungwa tamu hata ikamuliwe vipi iko sawa. Kama mzee anapenda kuota jua barazani, jibu unalo.

Shangazi_Tanga: Haya chungwa basi. Joto la huku haliharibu? Na muuzaji kasema eti inashusha presha.

MkandajiZnz: Presha mzee aendelee na vidonge vyake, huyo anauza. Kichupa kiwe cha kahawia, kifuniko kikaze, weka friji, maana limonini ikipigwa na hewa inabadilika na kuwasha ngozi. Ikichakaa usitupe, toa nayo gundi ya stika kwenye chupa.

kibindo: Una paka?

Shangazi_Tanga: Wawili, wanalala chumbani kwetu.

kibindo: Basi difyuza iende sebuleni, mlango wazi, paka hawaviwezi hivi vitu.