Mrejesho: Niliacha gereji nikaenda uanagenzi kiwandani

Wakuu, mwaka jana niliuliza kama niache kibarua cha gereji hapa Moshi nikaanze uanagenzi wa ufundi mitambo kwenye kiwanda kikubwa. Wengi mlisema nenda. Nilienda, huu ni mwezi wangu wa nane huko.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa kupiga tupa, kupaka grisi na kushika fagio. Nilikaribia kuacha. Siku moja pampu ikaanza kulalamika, mzee anayenifundisha akanipa bisibisi ndefu: ncha kwenye nyumba ya beringi (kasha la ile ringi inayobeba mhimili unaozunguka), mpini sikioni. Nikasikia mkwaruzo kama mchanga. Tulipofungua, beringi ilikuwa imekauka na kuungua. Baadaye akanifundisha kunyoosha shafti (mhimili unaozunguka) ya mota na ya pampu zikae mstari mmoja, na hapo mnahesabu sehemu za mia za milimita! Gereji tulikuwa tunakadiria kwa jicho.

Nyingine: hugusi mashine kabla hujazima umeme na kutia kufuli lako mwenyewe kwenye swichi ili mtu asiwashe, ufunguo ukae mfukoni kwako.

Posho ni ndogo, ikitoka nauli na msosi inabaki vocha. Na yule aliyenionya kuhusu hesabu, mkuu, nimekuvulia kofia. Wiki za darasani trigonometria inanitoa jasho.

Gereji sirudi, labda Jumamosi tu.