DT175 ya zamani: kabureta inavuja, na mlima wa Timboroa inakohoa

Njoro_2T:
Salamu wadau. Yamaha DT175, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya Mikuni VM24, imekaa miaka mitatu na petroli ndani. Kabureta imesafishwa lakini sasa inamwaga petroli kwenye mpira wa chini hata ikiwa imezimwa. Ikipanda kwenda Timboroa, aksileta ikifika nusu inakohoa, na plagi inatoka nyeusi. Kisumu ina nafuu. Fundi anataka kupanua jeti kubwa (kitundu kinachopimia petroli) kwa waya. Nikubali?

Gasketi_Kondele:
Usikubali kabisa, ndugu. Plagi nyeusi maana yake petroli imezidi tayari, na jeti ikishatobolewa hairudi. Halafu jeti kubwa inafanya kazi aksileta ikipita robo tatu. Yako inasumbua kwenye nusu, na hapo mwenye kazi ni ile sindano ndefu ya slaidi, kile kipande kinachopanda ukivuta aksileta.

Anza na uvujaji, kwa sababu petroli ikipanda kwenye bakuli la chini ya kabureta kila kipimo kingine kitakudanganya. Toa floti, yaani boya la ndani ya bakuli, itikise; ukisikia petroli ndani, imetoboka. Kagua ncha ya sindano ya floti, ile fupi inayofunga petroli bakuli likijaa: ikiwa na alama ya duara, badilisha pamoja na kiti chake. Kisha pindua kabureta, toa gasketi ya bakuli: mkono wa floti uwe sambamba na uso ilipokaa gasketi. Ukiona umeinama, kunja kile kiulimi kinachosukuma sindano ya floti, kidogo kidogo. Mwisho, ikiwa bado imepinduliwa, puliza kwa mdomo pale petroli inapoingilia. Hewa isipite.

Njoro_2T:
Asante mkubwa. Na huko kukohoa?

Gasketi_Kondele:
Sindano ndefu ina mifereji mitano. Weka klipu kwenye mfereji wa katikati, jaribu, kisha upandishe mmoja. Sindano itashuka na petroli itapungua. Ikiwa klipu iko juu kabisa na bado inakohoa, mrija wa shaba unaopitisha sindano umelika ukawa na umbo la yai. Kwenye pikipiki za umri huo ni kawaida, na watu huhangaika na jeti bure. Badilisha mrija na sindano kwa pamoja.

Jeti ndogo, ya injini ikiunguruma taratibu, izibue kwa uzi mmoja wa shaba wa waya wa umeme, si chuma. Skrubu ya hewa, ile ya upande wa filta, funga taratibu hadi mwisho kisha fungua mzunguko mmoja na nusu. Kwa skrubu hii, kufungua ni kupunguza petroli.

Plagi_Kahawia:
Naongeza la mwinuko. Kisumu iko kama mita 1,130, Nakuru 1,850 hivi, Timboroa inapita 2,700. Hewa ya juu ni nyepesi lakini jeti haijui, inatoa petroli karibu ileile, ndiyo maana Kisumu ina nafuu. Ukiishi Nakuru, jeti kubwa namba moja chini yaweza kufaa, ila baada ya kumaliza ya floti na sindano. Nunua ya Mikuni. Namba za Keihin, kampuni nyingine ya kabureta, hazilingani nazo.

Ndugu, tafadhali: ukipunguza petroli kwa ajili ya Timboroa, irudishe kabla ya kushuka ziwani. Injini hii ni ya tu-stroki (mipigo miwili). Petroli ikipungua kwenye hewa nzito, huku aksileta imefunguka yote, pistoni inapata moto na kukwama kwenye silinda, gurudumu la nyuma linafunga ghafla ukiwa kwenye mwendo.