Mrejesho: Yule aliyeuliza achague mwajiri gani kati ya wawili

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliomba ushauri nikiwa na ofa mbili za kuandika programu, moja ya mshahara mnono, nyingine wa kawaida, nikauliza nitazame nini zaidi ya hela.

Aliyenielekeza kwenye maswali 12 ya Joel Spolsky, mwandishi wa programu, ya mwaka 2000, ya kupima ubora wa timu ya programu, ubarikiwe sana. Niliyabeba kwenye usaili. Nilipouliza kama wanaweza kutengeneza toleo jipya la programu yao kwa hatua moja, wale wa mshahara mnono walitazamana, kisha mmoja akasema anayejua ni jamaa mmoja tu, na yuko likizo. Wale wengine walinifungulia kompyuta, wakaandika amri moja, nikaona majaribio yote ya kukagua programu yakipita mbele ya macho yangu. Nikawachagua hao.

Kuzungumza na mwanatimu bila meneja kuwepo nako kulisaidia: aliniambia wazi habari za zamu za usiku.

Kwenye kujadili mshahara nilikwama, hawakuongeza chochote. Na swali la utulivu wa ofisi, ambalo limo humo humo kwenye yale 12, nililisahau. Kelele sasa zinanisumbua kweli, msiliruke.

Asanteni sana.