Baba anapimwa moyo Alhamisi

Baba: Nimepewa karatasi ya kipimo cha moyo, Alhamisi saa 3 asubuhi. Eti nakimbia kwenye mashine. Miaka 60 hii, nakimbilia wapi?

Juma: 😂😂 Baba turudishie medali

Rehema: Juma hebu acha. Shikamoo Baba. Hukimbii, unatembea. Mkanda unaanza polepole, kama km 2.7 kwa saa, ila umeinuliwa kama unapanda kilima. Kila dakika 3 wanaongeza mwendo na mwinuko. Wengi wanatembea dakika 6 hadi 12, basi.

Baba Mkubwa: Usimsikilize huyo. Mimi nilipimwa mwaka jana, dakika ya saba ile ni Uluguru kabisa. Jasho mpaka kwenye soksi

Baba: Sasa kaka, si ndiyo moyo utasimama?

Rehema: Ndiyo maana wanakubandika vibandiko 10 vyenye waya, wanaangalia skrini muda wote, na presha wanapima ukiwa unatembea. Wanataka mapigo yapande. 220 toa miaka yako 60 ni 160, ndiyo kilele cha mapigo kwa umri wako. Wanalenga asilimia 85 yake, yaani 136 kwa dakika. Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, sema hapohapo, wanasimamisha. Usijikaze kisabuni Baba

Baba Mkubwa: Na kifua watakunyoa. Mimi walininyoa viraka viraka kama shamba lililoingiliwa na ngedere. Kubanduliwa vile vibandiko ndiko kuliniuma, kipimo chenyewe wala

Mama Rehema: Chapati zake ale saa ngapi?

Rehema: Mama, masaa matatu kabla asile kitu. Na tangu Jumatano asubuhi hakuna chai, kahawa wala kola

Baba: Chai??? Basi siendi

Rehema: Baba 🙏🏾 Halafu ile dawa yako ya atenolol, wapigie kliniki uwaulize kama uimeze siku hiyo. Inazuia mapigo yasipande. Usiiache kwa uamuzi wako

Juma: Viatu je?

Baba: Nina makubazi

Rehema: Raba Baba, raba

Baba Mkubwa: Na usining'inie kwenye vyuma vya kushikia vya mashine. Mimi nilining'inia, nesi akaniambia "mzee, unaidanganya mashine"

Baba: Nikishuka naondoka?

Rehema: Hapana, unapumzika, wanakuangalia kama dakika 10 mapigo yatulie. Nitakuja kukuchukua

Baba: Haya. Juma, wewe unavaa namba ngapi?

Juma: Baba zile raba ni mpya jamani 😭